Damu ya Ishimwe

Nyamianda, Uvira
4 Machi 2002

Baba Ishimwe,

Salamu nyingi. Tariki, mdogo wake Mwavita mwenye nyumba yetu, anapakia mawese bandarini Kalundu na kesho boti yake inaelekea Kigoma. Amesema atakutafuta kwenye mashine ya mpunga mpaka akupate, basi naandika mbiombio kabla hajabadili nia.

Tuko wazima. Ulifanya vizuri kuondoka. Juma lililofuata wenye bunduki walipita tena hapa Nyamianda wakichukua wanaume wa kuwabebea risasi milimani, na kijana wa jirani hajarudi hadi leo. Kwa hiyo usiwaze kurudi, hata ukisikia nini.

Mama yako amezoea. Analalamika kwamba ndagala za ziwani hapa zina mchanga, na kila asubuhi anatuhesabia mashamba tuliyoyaacha Kiliba, lakini amelima kipande nyuma ya nyumba na mboga za lengalenga zimeota.

Ishimwe anasoma. Mwalimu Sévère aliniita shuleni akasema chaki zinapotea. Kumbe mwanao anazila. Nilipomuuliza akanijibu, «Mama, minye sijue kwa nini. Nikiiona tu, mate inajaa mu kinywa.» Nyumbani nako anabandua udongo wa ukutani. Wauguzi wamesema ana upungufu wa damu kidogo, wamempa vidonge vya madini ya chuma, na anakunywa. Amepauka kidogo, anachoka kidogo. Usijali.

Mke wako,
Claudette Hatungimana


Kigoma
9 Aprili 2002

Mama Ishimwe,

Barua yako nimeipata. Tariki aliniita kwa jina toka nje ya mashine hadi wenzangu wote wakajua kwamba nina mke anayeandika. Mimi niko mzima kabisa. Nafanya kazi, nakula, nalala.

Lakini kuna neno limenikaa rohoni. Unamkumbuka Apollinarie, yule aliyekuwa akiuza vitumbua pale Kiliba. Amevuka juzi kukimbilia huku, na kabla ya kuvuka alipita kwenu kumsalimu mama. Mama alimwonyesha kopo la vidonge vya Ishimwe. Limejaa. Akamtuma aniambie, «Mutoto anakauka, na dawa iko mu kabati.»

Wewe unaniandikia kwamba anakunywa. Nimwamini nani? Kama mtoto amekushinda, sema. Kama umechoka, sema pia, nitaelewa. Ila usiniandikie maneno ya kunituliza kama mgonjwa. Huku nilipo sina macho mengine ila ya kwako.

Bertrand Nizigama


Nyamianda
28 Aprili 2002

Bertrand,

Leo sikuiti Baba Ishimwe. Nimeisoma barua yako mara moja tu, nikachukua kalamu.

Ulitaka macho yangu, haya chukua. Mwezi wa pili Ishimwe alianguka katikati ya uwanja wa shule. Mwalimu Sévère alimkimbiza hospitalini. Daktari Firmin, kijana mrefu aliyekuja mwaka jana, alipopima damu alimtazama mtoto, akaitazama karatasi, kisha akapima tena. Alisema hajui mtoto mwenye damu kidogo namna hiyo alitembeaje mpaka shuleni. Ilibidi aongezewe siku ileile. Damu yangu haikulingana na yake. Ya mama yako haikufaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni sijui nimwite nani, ndipo Mwavita, aliyekuja kuniletea uji tu, akakunja mkono wa gauni lake. «Weye dokta, pima ya kwangu. Kama inamufaa, uchukue.» Mwanao anaishi kwa damu ya mwenye nyumba.

Nilikuficha kwa sababu ninakufahamu. Ungepanda boti ya kwanza, na pale Kalundu wangekushika kabla hujamwona.

Sasa kuhusu lile kopo. Nimempa vidonge miezi na miezi. Amekunywa dawa ya minyoo, ametibiwa malaria, analala kwenye chandarua, amepimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na hana. Damu ya Mwavita ilimpandisha, halafu ikaanza kushuka tena kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na kila akimeza chuma anatapika, anajishika hapa juu ya kitovu, chini ya mbavu. Daktari mwenyewe ndiye aliyeniambia nipumzishe vidonge hadi sharubati ya chuma ipatikane. Sharubati imepatikana, anainywa, na bado damu haipandi. Mama yako hakuniuliza. Aliona kopo jipya, akahukumu.

Asubuhi kabla ya kula mtoto ananiambia tumbo linawaka. Anacheua hewa. Anasema ana njaa, ukimpa bugali anamega mara mbili na kusukuma sahani. Ndivyo ilivyo. Kama una la kusema zaidi, njoo ulisemee mbele ya kitanda chake. Hapana, usije. Andika tu.

Claudette


Kigoma
20 Mei 2002

Claudette, mke wangu,

Nisamehe. Nitaomba msamaha vizuri siku tutakayoonana, leo sina nafasi, kuna jambo kubwa kuliko hasira zako na aibu yangu.

Nilikuandikia kwamba niko mzima kabisa. Niliandika maneno hayo nikiwa kitandani kwenye zahanati ya misheni. Tumbo lilikuwa linaniwaka tangu tuko Kiliba, unakumbuka nilivyokuwa nalalia ubavu, tukasema ni pilipili. Mwezi wa tatu nilianguka juu ya magunia nikatapika damu. Sikukuambia kwa sababu ileile iliyokufanya wewe usiniambie. Tumekuwa tukidanganyana kwa upendo, na kumbe kila mmoja ameshika nusu ya jibu.

Daktari aliyenitibu anaitwa Modeste, ni Mrundi mkimbizi kama wengine hapa. Alinitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo, akanionyesha mstari. Akasema, «Si pilipili. Ni mikrobe, kijidudu kisichoonekana. Imejenga ndani ya tumbo lako, pengine toka utotoni.» Alinipa dawa tatu za kunywa pamoja kwa majuma mawili. Nilipozimaliza, nililala usiku mzima chali kwa mara ya kwanza tangu nikuoe.

Sasa sikiliza. Barua yako ilinikuta kazini. Niliposoma «hapa juu ya kitovu, chini ya mbavu», niliacha mashine ikikoboa peke yake. Nilikimbia mpaka misheni na unga wa pumba mwilini. Wagonjwa wamepanga foleni, mimi nikapita mbele yao wote wakinitukana, nikamwekea daktari barua mezani, hiyo na ile ya kwanza ninayotembea nayo mfukoni. Alizisoma amesimama. Alipofika kwenye chaki, akaketi.

«Huyu binti mnampa chuma, hakiingii?»

«Hakiingii, daktari.»

«Minyoo wametibu?»

«Wametibu.»

«Na wewe baba yake ndiye niliyekutibu hapa mwezi wa tatu.» Hakuwa ananiuliza, alikuwa anajisemea. Kisha akanieleza polepole kama mwalimu. Mikrobe hii hupita kutoka mtu hadi mtu ndani ya nyumba, na watu wengi huipata wakiwa wadogo. Wengi hawaumwi kabisa. Lakini kwa watoto wengine inachubua tumbo, na asidi ya tumbo inapungua. Bila asidi ile, madini ya chuma hayapokelewi vizuri, yawe ya dawa au ya dagaa. Na pengine damu inavuja kidogokidogo mahali ambapo hakuna anayeiona. Kwa hiyo mtajaza ndoo mpaka kesho. Alisema hawezi kuapa kwamba ndivyo ilivyo kwa Ishimwe, kwa kuwa hajamwona. «Lakini ningekuwa daktari wake,» akasema, «leo nisingekaa.»

Mpelekee Daktari Firmin karatasi hii yote, hata pale tunapogombana. Mwambie aandike anachotaka kutoka huku. Nenda leo.

Bertrand wako


Nyamianda
16 Juni 2002

Baba Ishimwe,

Nilikwenda siku ileile. Mama yako alikuwa anapepeta mchele, nikamwambia kwamba wewe umepona ugonjwa ambao hatukuujua, akaacha ungo, akafuata nyuma yangu bila viatu.

Daktari Firmin alisoma akikunja uso. Nilidhani amechukizwa kwamba daktari wa ng'ambo anamfundisha kazi. Alisema, «Mama Ishimwe, mikrobe hii ninaijua. Hapa nusu ya watu nikiwapima watakuwa nayo. Kuwa nayo si kusema ndiyo inayowala damu.» Nikamwambia, «Basi niambie nini kinachomla.» Alifungua faili la Ishimwe akapitia ukurasa kwa ukurasa, na midomo yake inatembea: malaria hapana, minyoo hapana, ile ya kurithi hapana, chakula anapata, sharubati anakunywa. Alifika mwisho wa faili hana pa kwenda. Kisha nikaona uso wake unabadilika kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo.

«Tumbo linamwaka asubuhi,» akasema. «Mbona hukuniambia?»

«Hukuniuliza tumbo, dokta. Uliniuliza damu.»

Alicheka, akaomba radhi, na toka hapo hakukaa tena kwenye kiti. Alizunguka chumba akiongea Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja. Alimwita Ishimwe, akamgusa tumbo, mtoto akaruka pale pale unapopajua wewe. Amesema moja kati ya dawa tatu anayo. Mbili hapa Uvira hazipo, na kipimo hakipo. Majina ameyaandika kwenye karatasi niliyoifunga na barua hii, pamoja na uzito wa mtoto, ili Daktari Modeste apange kiasi cha mtoto na si cha mtu mzima. Ametuonya tusimpe za kukisia wala za kubakiza, kwa kuwa mikrobe isipokufa yote inarudi na kiburi.

Mama yako njiani alitangulia mbele yangu, bado bila viatu. Tulipofika nyumbani alichukua lile kopo la vidonge kwenye kabati akaliweka mikononi mwangu. Ndiyo namna yake.

Damu ya Ishimwe imeshuka tena. Daktari hataki kumwongezea kabla haijabidi. Harakisha, mume wangu. Nina tumaini jingi mpaka linaniuma.

Claudette


Kigoma
25 Septemba 2002

Mama Ishimwe,

Najua umehesabu boti zote zilizofika bila kitu. Dawa moja ilibidi itoke Dar es Salaam kwa treni, na treni nayo ilikwama. Kisha boti zikazuiwa majuma mengi. Leo Tariki anaondoka na kifurushi kimeshonwa ndani ya mfuko wa chumvi. Nimeshona mwenyewe, usicheke mishono.

Ndani kuna vipimo viwili, kimoja cha akiba. Dawa ziko kwenye bahasha, Daktari Modeste ameandika juu ya kila moja asubuhi na jioni. Amesema kwa mdomo wake, nami naandika kama alivyosema: asiruke hata siku moja. Akiruka, tumeifundisha mikrobe kupigana. Akimaliza, chuma kiendelee kwa miezi, na hapo ndipo mtaona.

Nikifumba macho namwona akiula ukuta wa Mwavita. Niandikie mstari ule kwenye kipimo umetokea au haukutokea. Neno moja linatosha.

Bertrand


Kigoma
21 Oktoba 2002

Claudette,

Redio inasema Uvira imetekwa. Kesho yake inasema imetekwa tena na wale wa kwanza. Hakuna boti. Nashinda ufukweni na watu wengine wa huko, tunaitazama milima ya upande wenu kama inaweza kujibu.

Sijui kama mfuko wa chumvi ulifika. Sijui kama mko ndani ya nyumba. Mvuvi mmoja anataka kujaribu kupita usiku, nampa karatasi hii. Andika popote, hata kwenye jani.

B.


Kalundu
10 Novemba 2002

Baba Ishimwe,

Tuko hai sote. Nimeanza na hilo ili uketi.

Mfuko wa chumvi ulifika. Daktari Firmin alimtoboa Ishimwe kidole, tukainama juu ya kile kipimo vichwa vitatu. Mstari ulitokea. Alisema kipimo peke yake si ushahidi kamili, lakini ukiongeza na yote tuliyoyaona, anatosheka. Tulianza jioni ile.

Siku za kwanza alilalamika kwamba mdomo una uchungu kama amelamba sarafu. Halafu asubuhi moja akaniamsha yeye: «Mama, tumbo haiwaki. Iko kimya.» Tulikuwa bado tumekaa kitandani tukifurahia ukimya ule, ndipo risasi zikaanza juu milimani.

Mwavita alitutoa Nyamianda mbio, akatuleta hapa Kalundu kwa mama yake, kwenye nyumba ya matofali mazito. Tulikimbia na mtoto, sufuria na blanketi. Tulipofunga mlango ndipo nikajipapasa. Bahasha za dawa nilikuwa nimeziacha juu ya kabati, na zilikuwa zimebaki za siku chache za mwisho. Nilimwambia Mwavita ninarudi, akanishika mkono. «Weye ni mwanamuke kijana. Unajua kile wanafanya. Hauendi.» Nilimvuta, naye hakuachia, tukawa tunavutana mlangoni kama watoto.

Tulipogeuka, mama yako hakuwepo chumbani.

Alitoka kwa mlango wa jikoni. Mama mwenye umri ule, aliye na goti bovu. Sitakueleza saa zile. Ishimwe aliniuliza mara kwa mara bibi amekwenda wapi, nami nikamjibu amekwenda kuteka maji, na nje wanalipua vitu.

Alirudi na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani, anatembea katikati ya barabara kama mtu anayetoka sokoni. Wenye bunduki walimsimamisha mara mbili. Wa kwanza alichambua majani ya juu akamwacha. Wa pili alimuuliza kwa nini anatembea siku ya vita, akamjibu, «Vita ni yenu. Minye niko na mutoto wa kulisha.» Yule kijana akampisha. Bahasha zilikuwa chini kabisa, zimefungwa ndani ya kitenge, hazikulowa hata kidogo. Alizitoa moja moja akanipa, akasema, «Soma. Minye sijui kusoma, nilichukua zote.» Kisha miguu ikamwisha, tukamlaza.

Nimemshika miguu yake nikilia, Bertrand. Alinigonga kichwani kwa kidole. «Acha. Saa ya dawa inapita.»

Mtoto hakuruka hata kidonge kimoja. Sasa amerudi kwenye sharubati ya chuma, na haitapiki.

Daktari Firmin naye alibaki hospitalini siku zote zile. Amesema tuipe damu muda ndipo tupime. Ninajizuia kumtazama Ishimwe ndani ya kope kila asubuhi. Najizuia, halafu namtazama. Jana nimeona wekundu. Mwavita anasema ni mwanga wa mlango, mimi nasema ni wekundu.

Claudette wako


Nyamianda
15 Februari 2003

Baba,

Ni minye Ishimwe. Mama aliandika barua yake, lakini nimeona hakuandika mambo ya maana, kwa hiyo naandika ya kwangu.

Damu yangu imepanda. Dokta Firmin alipima, akatoka inje na karatasi akiita wauguzi waje waone, na hakufunga hata mulango. Alisema ni damu ya mutoto muzima kabisa. Alimupa mama mkono, akamupa bibi mkono, halafu akanipa minye mkono kama mutu mukubwa. Sasa ameanza kuuliza watoto wengine wenye hawaongezeki damu kama tumbo inawawaka. Iko mumoja wa Kalundu anaitwa Rénovat, analia akiona sindano. Nilimuambia ni kidole tu.

Chaki siili tena. Mwalimu Sévère aliniwekea kimoja mbele makusudi, kunijaribu. Nilikitazama, hakikuwa na harufu ya kitu. Nilikichukua nikaandika jina langu mu tableau yote, ule ubao wa mwalimu, akanifukuza inje kwa fujo. Mama aliitwa tena shuleni. Mwalimu alimuambia kwamba naongea sana, napigana na wavulana, sitaki kukaa. Mama alisema, «Asante, mwalimu.» Mwalimu hakuelewa.

Bibi anakusalimu. Naye dokta alimupima, iko na mikrobe pia, lakini tumbo haimusumbue, dokta amesema atafikiri. Bibi anasema mikrobe yake ni muzee, waheshimiane.

Mama aliandika kwamba tutakutumia barua kwa Tariki boti ya kesho. Lakini Mwavita amesema Tariki anaondoka leo, saa hii. Mama alipiga kelele, akaanza kutafuta viatu. Minye nilikamata barua nikakimbia. Nilikimbia toka Nyamianda mpaka huku Kalundu, Baba, nilisimama mara moja tu kwa kuwa nilikanyaga jiwe. Sikuanguka. Moyo inapiga lakini inapiga vizuri.

Naandika hizi za mwisho juu ya gunia la Tariki, ananiambia nimalize, injini ya boti inawaka.

Mama ndiyo anafika sasa. Anahema, ameshika kiuno, kitenge inafunguka. Anataka kunigombeza na hana pumzi.

Anasema nisikuandikie kwamba analia.

Binti yako,
Ishimwe